Mshona Matanga wa Njoro

Sirili alishuka kutoka mlimani Ijumaa akiwa na maneno matamu moyoni, ameyaandaa njia nzima. Jumapili mchana maneno yale yalimkauka kooni, na kilichoyakausha kwanza ni kikombe cha chai.

Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Alitaka kumwambia Loveness kwamba wazee wake wako tayari. Kwamba baba yake mdogo, Mzee Wenseslaus, amekubali kuongoza msafara. Kwamba kilichobaki ni yeye Loveness kutaja siku, nao wapande Machame kwa baba yake, Mzee Elisaria, na mbege yao, ile pombe ya ndizi, kama watu wa mlima walivyofanya tangu zamani. Kila jioni kule juu, watalii aliowaongoza wakishaingia mahemani na baridi ikianza kung'ata, Sirili alijifunika mpaka puani akayarudia maneno hayo kimoyomoyo, na baridi ikapungua.

Ila Jumapili ile haikuwa yake. Ilikuwa ya watu wa boti.

Loveness alikuwa fundi cherehani pale Njoro, mjini Moshi. Hakushona magauni. Alishona mahema ya kampuni za utalii, yale yanayorudi kutoka mlimani zipu zimeng'oka na paa zimechanika. Mwaka ule walioanza kupendana na Sirili, mzungu mmoja aliyekuwa akipanda mlima aliona kiraka cha Loveness kwenye hema, akakivuta kwa nguvu, hakikuachia. Akauliza, "Aliyeshona hiki anaweza kushona tanga?" Kumbe alikuwa mmoja wa wale watu wanaoishi ndani ya boti za matanga, mume na mke, wengine na watoto na mbwa wao, nyumba yao ni hiyo hiyo boti. Kila mwaka, upepo wa kusi ukilegea na kabla vimbunga havijaanza kule kusini, boti zile hukusanyika Tanga. Hutengenezwa, hujazwa maji na chakula, kisha huondoka pamoja kuelekea Msumbiji na Afrika Kusini, kila boti ikiiangalia nyingine. Msimu ukigeuka, hurudi.

Tangu hapo, boti zikianza kukusanyika, Loveness alifunga mlango wa kibanda chake akateremka Tanga kushona matanga. Akirudi alikuwa amechomwa na jua, na hadithi zimemjaa kinywani. Mwanzoni Sirili alizipenda hadithi hizo. Kisha akaanza kusikia jina moja ndani yake, likijirudia kama punje ya mchanga kwenye wali. Davis alisema hivi. Davis alifanya vile. Davis, kijana wa Kiboriloni aliyewahi kuwa mpagazi wa mlimani, akachoka na mizigo, akateremka pwani na kujifunza bahari mpaka akawa nahodha msaidizi wa boti ya wazee wawili Waholanzi.

Sasa watu wa boti walikuwa wamepanda Moshi na kosta ya kukodi, wauone mlima na kahawa kabla hawajaondoka. Loveness alikuwa amemwomba Sirili awakaribishe nyumbani kwao Kilema, naye alikubali kwa moyo mweupe. Alijua mama yake atapata nafasi ya kumwona Loveness akiwa ndani ya nyumba, mikono ikiwa kazini. Mama alihitaji kumwona hivyo.

"Anashona nini hasa huyo binti?" mama alimuuliza asubuhi akimenya ndizi, kana kwamba hajui.

"Mahema, mama. Na matanga ya boti."

"Matanga! Yesu na Maria. Mwanamke wa kuolewa, kazi yake matanga. Hata jina lenyewe ni la msiba."

"Ni vitambaa tu vya kukamata upepo, mama."

"Ndiyo hicho ninachosema. Anayekimbizana na upepo hakai na mtu. Halafu Mlutheri."

"Mungu ni yuleyule."

"Mungu ni yuleyule, ila padre si yuleyule." Akaitupa ndizi kwenye sufuria, maji yakaruka.

Kosta ilipofika, Loveness ndiye aliyetangulia kushuka. Alivaa gauni la rangi ya maji ya kunde, nywele amezisuka mistari ya kwenda nyuma, na shingo yake ilikuwa na weusi mpya wa jua la Tanga. Sirili alisahau kusalimia wageni. Walitazamana kwa muda mfupi tu, lakini Sirili alihisi kama mtu aliyevuliwa begi zito mgongoni.

"Shikamoo, mama," Loveness aliinama kidogo mbele ya mama yake Sirili.

"Marahaba." Mama akamwangalia toka kichwani mpaka viatuni. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," Loveness alijibu bila kukwama, akafunga kanga ya mama kiunoni akaelekea jikoni. Alipompita Sirili alimnong'oneza, "Siri, baadaye tutoke pembeni kidogo. Nina neno."

"Hata mimi ninalo."

Loveness akatabasamu, ila tabasamu lenyewe halikufika machoni. Sirili aliliona, akalidharau.

Ndipo Davis akashuka. Mrefu, mabega kama ya mtu anayevuta kamba kila siku, shati amelifungua kifungo kimoja zaidi ya inavyopendeza Kilema siku ya Jumapili. Alikwenda moja kwa moja kwa mama akamwamkia kwa Kichagga, kile cha ndani ambacho vijana wa mjini wamekipoteza. Mama akaacha mwiko.

"Wewe ni wa kwa nani?"

"Kiboriloni, mama. Ila bibi mzaa mama ni wa hapa hapa Kilema, mke wa Mzee Melkior."

"Mae! Mjukuu wa Melkior! Kaa, mwanangu. Kaa hapa karibu na mimi."

Sirili, ambaye mama yake alikuwa hajamwita mwanangu tangu amtaje Loveness nyumbani, akaenda kupanga viti.

Walikula chini ya migomba, mtori kwanza, kisha ndizi na nyama. Wageni walikuwa watu wa kelele za furaha. Walichukuliana vijiko, walidokoa kwenye sahani za wenzao, mmoja akianza hadithi ya dhoruba mwingine aliimalizia. Sirili alizoea wageni wa mlimani, wanaokuja hawajuani na kuondoka hawajuani. Hawa walikuwa ukoo. Na katikati ya ukoo huo alikaa Loveness wake, akicheka mambo ambayo ilibidi Sirili aelezwe, na alipoelezwa hayakumchekesha.

Chai ikaletwa. Sirili akamimina kikombe, akatia vijiko viwili vya sukari, akakoroga vizuri kama alivyomkorogea Loveness siku zote. Alipogeuka kumpelekea, alikuta mkono mwingine umemtangulia kumnyooshea kikombe. Ulikuwa wa Davis.

"Bila sukari, tangawizi nyingi," Davis alisema.

"Asante," Loveness alijibu, akakipokea bila hata kumtazama, kama mtu anavyopokea kitu kutoka kwenye mkono aliouzoea.

Huko kutomtazama ndiko kulikomchoma Sirili. Angemtazama ingekuwa afadhali. Alibaki amesimama na chai yake tamu kama mhudumu wa hoteli.

"Tangu lini umeacha sukari?"

"Tangu mwezi wa nane. Sijakwambia?"

"Hujaniambia."

"Basi nilisahau, jamani. Ni sukari tu."

Wakati huo mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe akaita kutoka upande wa shamba la kahawa, kamera mkononi, "Loveness wa Johanna! Njoo upige picha!"

"Johanna ndiye nani?" Sirili aliuliza.

Davis akacheka, bila ubaya wowote. "Boti yetu, kaka. Sisi baharini hatuitani kwa jina la baba. Mtu ni boti yake. Asubuhi tunaitana kwenye redio, nani yupo, nani mgonjwa, nani ana shida, na kila mtu anajibu kwa jina la boti. Mimi ni Davis wa Johanna, na huyu sasa…"

Loveness alikuwa amemkazia macho.

"Huyu sasa nini?" Sirili aliuliza.

Pengine hapo Loveness angeliwahi jambo. Lakini mama Marijke, mwenye ile boti ya Johanna, bibi mwenye nywele nyeupe na Kiswahili alichokiokota bandarini Tanga, alipiga makofi kwa furaha.

"Huyu sasa yetu! Jumatano tunaondoka, kusini, mpaka Afrika Kusini. Loveness anakuja na sisi! Huko iko rafiki yangu, kiwanda ya matanga, atafundisha yeye vizuri. Mpaka masika, halafu anarudi. Sirili, wewe furaha sana, ndiyo?"

Watu wote wakamgeukia Sirili wakitabasamu. Wote walijua. Mpaka mtoto wa boti aliyekuwa akimvuta ng'ombe mkia alijua.

"Nani amekupa ruhusa?" alimuuliza Loveness.

"Siri, tutoke pembeni."

"Pembeni ya nini, wakati jambo liko katikati ya watu? Nimeuliza nani amekupa ruhusa!" Kisha akamgeukia Davis, na maneno yakamtoka kabla hajayapima. "Na wewe mjukuu wa Melkior, niambie. Huko kwenye boti utamlaza wapi?"

Hata wale wasiojua Kiswahili walielewa sauti. Vijiko vikatulia. Davis akaweka kikombe chini taratibu.

"Nilisema mimi," mama alisema kwa sauti ndogo, kila mtu akamsikia.

Loveness hakulia, wala hakupandisha sauti. Alimalizia kumimina chai kwa waliokuwa hawajapata, akafungua kanga ya mama yake Sirili, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti. "Asante kwa chakula, mama," alisema. Kisha akapita katikati ya migomba kuelekea kwenye mfereji wa maji nyuma ya kihamba, shamba la migomba la nyumbani, mgongo wake umenyooka.

Sirili akamfuata. Alimkuta ameketi ukingoni mwa mfereji, maji yakipita miguuni pake.

"Ulitaka nikwambie lini?" Loveness alianza bila kugeuka. "Uamuzi umekuja wiki hii. Nilikupigia, uko juu hupatikani. Ijumaa nikakupigia uko langoni unaagana na wageni, ukasema utanipigia. Hukupiga. Leo nimekwambia nina neno."

"Neno hilo walikuwa nalo watu wote isipokuwa mimi."

"Kweli. Hapo nimekosa, na Marijke amenikosesha zaidi. Nisamehe kwa hilo." Sasa akageuka. "Lakini utamlaza wapi, Siri? Mbele ya mama yako, ambaye ananitafutia kosa hata kwenye kuvuta pumzi? Mbele ya watu niliowaambia kwamba sijaona mwanaume mpole kama wewe?"

"Huyo Davis anakutaka."

"Najua."

Sirili hakutegemea jibu hilo. "Unajua?"

"Aliniambia mwenyewe, kule Tanga. Nikamjibu."

"Ukamjibu nini?"

"Kamuulize. Leo nikikwambia mimi hutaamini, na sitaki kujitetea kama mwizi wa kuku."

"Ungekuwa umemkataa usingeingia boti moja naye!"

Loveness akasimama. Machozi yalikuwa yamemlenga, lakini sauti yake ilikuwa kavu.

"Wewe umepanda mlima na wanawake wa dunia nzima. Warefu, wafupi, wenye macho ya kijani. Wengine wanakutumia salamu mpaka leo. Nani alilala hema gani, niliwahi kukuuliza? Na mahema hayo nayashona mimi, Siri. Ningetaka kuota mabaya ningeota kila siku nikiwa na sindano mkononi. Nilichagua kukuamini. Ni kazi, kukuamini, lakini nimeifanya."

Mtu akikosa la kusema hushika chochote kilicho karibu, naye alishika kile alichokuwa amekitunza.

"Basi usiende. Wazee wangu wako tayari. Baba mdogo Wenseslaus ataongoza, waende Machame kwa baba yako. Hata wiki ijayo. Tuoane, yaishe!"

Chozi moja likamshinda Loveness, likateremka mpaka kidevuni.

"Unanichumbia kwa hasira?"

"Loveness…"

"Nimeyangoja sana maneno hayo. Nimeyangoja mpaka nikaona aibu kuyangoja. Leo ndiyo umenipa, Siri, na umenipa yameungua."

Akaondoka. Sirili alibaki akisikiliza maji.

Aliporudi uani, wageni walikuwa wanakusanya vitu vyao kwa haraka ya adabu. Loveness alikuwa ameshakaa ndani ya kosta, kichwa kimeegemea kioo cha upande wa pili. Davis alikuwa nje, akifunga mkungu wa ndizi juu ya keria, zawadi ya mama. Sirili akamwendea. Hakujua anakwenda kupigana au kuomba radhi.

"Amesema nikuulize alikujibu nini," alisema.

Davis alikaza fundo, akashuka, akapangusa mikono.

"Nilimwambia nampenda. Sikujua kama ana mtu, nikamwambia. Akanijibu kwa jina lako. Sirili hivi, Sirili vile, Sirili akishuka mlimani ananiletea maua makavu ya kule juu. Jina lako, kaka, nimelisikia mpaka nimelichoka."

Sirili akainamisha kichwa. Hakudhani kuwa kuna mtu mwingine chini ya jua aliyeteswa na jina kama yeye.

"Bado unampenda?"

"Sasa unafikiri imeisha kwa sababu nimekatazwa?" Davis alicheka kidogo, cheko bila furaha. "Atalala chumba cha mbele na mama Marijke. Mzee na mimi tunapokezana usukani, tunalala nyuma, saa chache chache. Umeuliza, nimekujibu. Mimi nina heshima yangu. Lakini usinifanye rafiki. Ukimwacha aondoke na machozi haya, sitayafuta kwa niaba yako. Nitayafuta kwa faida yangu."

Akaingia ndani ya kosta, akavuta mlango.

Kosta ililala Moshi, iondoke asubuhi kupitia Njoro kumchukua Loveness na vitu vyake. Sirili naye alilala, ikiwa kujigeuza kitandani ni kulala. Aliona mkono wa Davis ukitoa kikombe. Aliona mkono ule ukitoa leso. Alipanga kwenda kumzuia. Alipanga kutokwenda kabisa, aone kama atampigia. Kulipopambazuka alikuwa kwenye mpaka wa kihamba, akivunja jani la sale.

Kwa Wachagga jani hilo si jani la mchezo. Mtu akikuletea sale ameungama kosa lake, nawe huna njia ya kumkatalia msamaha. Ugomvi wa mashamba, hata wa damu, umewahi kuzimwa nalo.

Mama alimwona kutoka mlangoni. "Unampelekea Mlutheri sale letu?"

"Hata kwao lipo, mama. Lilikuwepo kabla ya Walutheri na kabla yetu."

Mama akarudi jikoni.

Alimkuta Loveness kibandani kwake Njoro, peke yake, ameinama anafunga begi. Vipande vya mahema vilikuwa vimekunjwa pembeni, na juu ya meza ilikuwa cherehani yake kubwa ya chuma, ile ya kushonea vitu vizito, imeviringishwa blanketi. Alivaa suruali na sweta. Macho yalikuwa yamevimba.

Sirili alinyoosha mkono wenye jani.

Loveness akaliangalia, akarudi nyuma hatua moja.

"Usinipe."

"Loveness, nimekosa."

"Najua umekosa. Usinipe hilo. Ukinipa hilo nitakuwa nimelazimika, na mimi sitaki kukusamehe kwa kulazimika. Ulitaka kunioa kwa kulazimisha, sasa unataka nikusamehe kwa kulazimisha. Nitakusamehe mwenyewe, nikiwa tayari. Unaweza kungoja?"

Mkono wa Sirili ulibaki hewani. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sale linaweza kukataliwa namna ile, kwa upole hivyo, na kwa haki hivyo. Akauteremsha mkono, akaliweka jani kwenye mfuko wa koti.

"Naweza," alisema. Kisha, kwa sababu alikuwa amechoka kuficha, "Davis ameniambia ulichomjibu."

"Na?"

"Nina wivu zaidi kuliko jana."

Loveness alishangaa, kisha, bila kupenda, kona ya mdomo wake ikacheza. "Zaidi?"

"Jana nilikuwa na wivu na tapeli. Leo nimeona ni mwanaume wa kweli. Anajua chai yako. Kila siku atakuwepo ukiamka, nami nitakuwa juu kule na watu wanaotapika kwa sababu ya urefu wa mlima. Sitakudanganya kwamba nimepona. Moyo wangu unataka nipige magoti nikuombe ubaki."

"Basi niombe," Loveness alisema taratibu. Ilikuwa kama anamjaribu, na ilikuwa kama anaomba kweli. Sirili hakuweza kutofautisha. Labda hata yeye mwenyewe hakujua.

Walikuwa karibu kiasi cha kusikilizana pumzi. Sirili aliyaona yale macho yaliyovimba, akaiona na ile mikono, vidole vyenye sugu ya sindano, mikono ambayo watu wa bahari wameijua thamani yake na yeye akaitaka ibaki ikimkorogea uji. Neno lilimjia mpaka kwenye ulimi. Baki. Neno dogo tu.

"Hapana," alisema. "Sikuombi. Nenda ukajifunze."

Loveness akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa analia waziwazi. Akaegemeza paji la uso wake kwenye kifua cha Sirili, palepale juu ya kifungo cha koti, na Sirili akamshika mabega kama mtu anayeshika kitu alichokwisha kukitoa.

Honi ya kosta ikalia nje.

Sirili akainama mbele ya cherehani. Alikuwa amebeba mizigo ya watu mlimani kwa miaka mingi kabla hajawa kiongozi, na shingo haijasahau. Akajitwika cherehani kichwani na blanketi lake, chuma kikamkandamiza fuvu, akatoka nayo mlangoni, Loveness nyuma yake na begi. Majirani wa Njoro walisimama kutazama. Davis aliruka kutoka kwenye kosta kuja kupokea. Wanaume wale wawili wakatazamana, uzito wa cherehani ukiwa kati yao.

"Shika vizuri," Sirili alisema. "Isipate maji ya chumvi."

"Haitapata."

"Na jana nilikutukana nyumbani kwetu, ukiwa mgeni. Nisamehe."

Davis aliitikia kwa kichwa mara moja, akaipakia cherehani nyuma, akarudi kwenye kiti chake. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Loveness akapanda, akakipita, akaenda kuketi na mama Marijke. Sirili aliona. Alimwona pia Davis akiona, na kwa mara ya kwanza akamhurumia, kidogo tu, kiasi ambacho wivu uliweza kuruhusu.

Kioo kikafunguliwa. Loveness akatoa kichwa.

"Siri! Wale wazee wako."

"Wamefanya nini?"

"Bado wako tayari, au nao walikuwa na hasira?"

Sirili akakisogelea kioo. "Wako tayari."

"Baba yangu anapenda watu waje Jumamosi. Asubuhi, kabla hajaenda kwaya. Na Mzee Wenseslaus asimwamkie kwa Tumsifu Yesu Kristo, wataanza mjadala hawatamaliza."

"Na wewe utakuwa wapi siku hiyo?"

"Baharini. Kwani ni mimi nitakayekunywa hiyo mbege? Baba yupo." Akajifuta macho kwa mkono wa sweta. "Bado sijakusamehe, lakini. Nitakwambia nikishakusamehe. Kule bandarini kuna mtandao."

Kosta ikaondoka. Mpaka inakata kona, Sirili alikuwa bado anatazama kioo cha nyuma, pale penye mabega mapana ya Davis, na roho ilikuwa ikimuuma kama jino. Ingemuuma mpaka masika. Alilijua hilo, wala hakujidanganya.

Akatoa simu, akampigia mama yake.

"Ameondoka?" mama aliuliza kabla ya salamu.

"Ameondoka, mama. Mwambie baba mdogo ajiandae. Tunakwenda Machame kwa Mzee Elisaria kumposa Loveness."

Sirili alimsikia kuku upande wa pili, akasikia mlango wa jikoni ukisukumwa, akasikia mama akishusha pumzi ndefu.

"Mwanamke mwenyewe hayupo, yuko kwenye maji."

"Atarudi."

"Na asiporudi?"

Sirili akatazama barabara iliyobaki tupu. "Nitakuwa nimemposa."

Mama akasema, kwa sauti ya mtu anayejikuna mahali asipotaka kuonekana, "Basi ungeniambia mapema, nikavundika ndizi. Mbege ya haraka ni aibu, hasa ukiipeleka kwa Walutheri."